Nguo Iliyotumwa kutoka Tabora

Mjini Kinshasa kuna barabara iitwayo Tabora, na wengi waipitao kila siku hawajiulizi jina hilo limetoka wapi. Sisi tuliofundisha historia tulikuwa na jibu tayari. Tuliandika ubaoni: Tabora, tarehe 19 Septemba 1916, Force Publique yawashinda Wajerumani. Wanafunzi walinakili, mtihani ukapita, somo likaishia hapo. Tulifundisha hivyo karibu miaka thelathini, tukiwafundisha hata wale ambao kesho yake wangekuwa walimu wa wengine, ilhali nyumbani kwetu jina la Tabora lilikuwa halitajwi.

Halikutajwa kwa sababu ya mtu mmoja. Babu yetu alikuwa na kaka yake, ambaye katika ukoo tunamwita babu mkubwa. Mwaka 1916 watu wa serikali ya Wabelgiji walipita vijijini, huko milimani nyuma ya Baraka, wakitafuta wapagazi wa vita. Nyumba ya baba yao ikatakiwa kutoa kijana mmoja, na jina lililoandikwa lilikuwa la babu yetu. Alikuwa bado kijana mwembamba asiyeota ndevu. Kaka yake, aliyekuwa ameoa miezi michache tu, akasema kwamba mdogo huyu hawezi mzigo, atakwenda yeye. Akaenda, wala hakurudi. Watu wakangoja, wakalia kilio bila maiti, na kwa desturi ya wakati ule babu yetu akamrithi mke wa kaka yake. Baba yetu alizaliwa na mama huyo.

Hayo tuliyajua tangu utoto. Sehemu ya pili tuliijua mwaka 2016, baba alipokuwa kitandani na mwili umekwisha. Alituita sisi wanawe wawili, akawaomba wengine watoke nje. Akatuambia kwamba miaka kadhaa baada ya vita, mchuuzi mmoja wa Ujiji alivuka ziwa akaleta salamu: kaka yupo hai, yuko Tabora, anauliza kama aweza kurudi, na nguo hii ni ya mke wake. Babu yetu alikuwa amekwisha kumchukua mama yule, na mtoto wao wa kwanza alikuwa akitambaa. Alimpokea mchuuzi vizuri, akampa chakula, akaipokea nguo. Jibu hakutuma. Baba aliyasikia hayo kwa babu mwenyewe katika uzee wake, naye akayaficha miaka mingi. Alipomaliza kusema aligeukia ukutani. Hatukumwuliza neno.

Sasa, huko Tabora walikuwapo watu. Tulilijua hilo kwa njia ya dada yetu, ambaye vita vilipofika Uvira mwaka 1996 alivuka ziwa pamoja na maelfu ya wengine, akafika Kigoma, akaolewa huko. Siku moja sokoni Ujiji mzee mmoja alimsikia akitaja jina la ukoo wetu, akamwambia kwamba Tabora anamfahamu mama mmoja ambaye baba yake alikuwa akijitaja hivyo hivyo. Simu zikaanza. Mama yule ni binti wa babu mkubwa, yaani kwetu ni shangazi. Alikuwa amepita umri wa miaka themanini, na kila tulipozungumza alimaliza kwa swali lile lile: mtakuja lini?

Tuliondoka Uvira katika likizo kubwa ya mwaka 2018, mwezi wa nane, kwa gari kuukuu la mdogo wetu, ambaye ni fundi na hupenda kusema kwamba Toyota yake ina umri mkubwa kuliko mapadre wa parokia. Tulivuka mpaka Kavimvira asubuhi, tukapita Bujumbura, tukafuata ziwa kuelekea kusini. Barabara ile ni nzuri mno kwa macho: michikichi ya Rumonge upande mmoja, maji upande mwingine, na dagaa wameanikwa hadi karibu na lami. Tulipovuka na kuingia Tanzania huko Manyovu ndipo tulipokumbuka jambo ambalo hatukuwa tumelifikiria. Burundi, kama kwetu, magari hupita upande wa kulia. Tanzania hupita kushoto. Mdogo wetu ameendesha gari tangu ujana wake, lakini kilomita zile za kwanza za mteremko kuelekea Kigoma alishika usukani kama mwanafunzi, nasi tulisali rozari kwa bidii isiyo ya kawaida.

Kigoma tulilala kwa dada siku mbili. Alitupikia migebuka, akatufundisha pia adabu za huko, maana sisi tulizoea kusalimu kila mtu kwa jambo, mkubwa na mdogo. Akasema, shangazi mkimwambia jambo atadhani mmetoka msituni. Semeni shikamoo, na mwiname kidogo. Tulifanya mazoezi sebuleni mbele ya watoto wake, nao walicheka hata machozi yakawatoka.

Tulikwenda pia kutazama stesheni ya reli, mahali ambapo njia inakoma mbele ya ziwa. Wajerumani waliifikisha reli hiyo Kigoma mwaka 1914, miezi michache tu kabla ya vita. Walikuwa pia na meli yao, Graf von Götzen, waliyoizamisha wenyewe mwezi Julai 1916 walipoona Wabelgiji wanakaribia. Waingereza waliiinua baadaye, ikawa ile Liemba ambayo wazee wetu wengi waliipanda. Kigoma ilitwaliwa mwishoni mwa mwezi ule ule wa Julai, na kutoka hapo kikosi cha kusini, chini ya Olsen, kikaanza safari ya mashariki kufuata reli. Kikosi kingine, cha Molitor, kilishuka kutoka kaskazini. Juu yao wote alikuwa Jenerali Tombeur.

Hapo ndipo ilitupasa kujiuliza swali ambalo hatukuwahi kuwauliza wanafunzi wetu. Ikiwa reli ilikuwapo, wapagazi walikuwa wa nini? Jibu ni kwamba Wajerumani, wakirudi nyuma, walivunja madaraja na kuondoa kila kitu cha kusafiria. Jeshi lililofuata lilikuwa na reli chini ya miguu yake lakini halikuwa na treni. Risasi, unga, mahema, masanduku ya maofisa, yote yalikwenda vichwani. Wapagazi waliochukuliwa Kongo kwa ajili ya vita vile walikuwa zaidi ya 200,000, na askari walikuwa sehemu ndogo tu ya hesabu hiyo. Wapagazi walikufa kwa kuhara, kwa homa ya mapafu, kwa njaa na kwa baridi ya usiku, kuliko walivyokufa kwa risasi.

Kutoka Kigoma hadi Tabora ni takriban kilomita 400. Dada alifuatana nasi. Tulipita Uvinza, mji wa chumvi, tukavuka mto Malagarasi kwa daraja kubwa la Kikwete, kisha lami ikakatika na vumbi jekundu likaingia hata ndani ya biblia. Ni nchi tambarare, miti ya miombo inafuatana kwa saa nyingi, na mtu wa milimani kama sisi huanza kuona kiu kwa kuitazama tu.

Kabla hatujafika Urambo gurudumu lilipasuka. Ilibidi tuteremshe mizigo yote ili mdogo wetu apate jeki, na miongoni mwa mizigo ulikuwamo mfuko wa mchele wa kilo 25, zawadi ya shangazi. Kivuli kilikuwa mbali kidogo, hatua kama mia mbili. Mdogo wetu akasema kwa mzaha, haya, wajukuu wa mpagazi, tuone. Akauweka mfuko kichwani, akaenda akicheka. Alipofika nusu ya njia aliacha kucheka. Wa pili wetu aliupokea, akaufikisha mtini, na shingo yake ilimuuma mpaka tulipofika Tabora. Uzito huo, au zaidi kidogo, ndio uliokuwa mzigo wa kawaida wa mpagazi, na jioni aliutua tu ili auinue tena alfajiri. Tulikaa chini ya mti ule tukinywa maji, kila mtu akitazama upande wake.

Mapigano ya mwisho kabla ya Tabora yalikuwa mwezi Septemba 1916, mahali pengi karibu karibu: Usoke, Lulanguru, na Itaga upande wa kaskazini, ambako watu wa Molitor walishambulia usiku wa kuamkia tarehe 14. Tulikusudia kuona Lulanguru, kwa kuwa ipo upande tuliotokea na kwa kuwa kikosi cha kusini kilipigana hapo. Tulimwona mzee mmoja akisukuma baiskeli yenye magunia ya mkaa, tukamwamkia vizuri kama tulivyofundishwa, tukamwuliza palipopiganiwa vita ya Wabelgiji. Alifikiri. Akasema wazee wa zamani walikuwa wakiitaja, lakini mahali penyewe, akatuonyesha kwa mkono wote, ni huku kote.

Basi tukasimama huku kote. Kulikuwa na reli, miembe michache, mabua ya tumbaku shambani, na mbuzi wawili. Hatukuona jiwe wala ubao. Mmoja wetu, aliyezoea kuwapeleka wanafunzi kutazama vitu, alijikuta hana cha kuonyesha, akabaki akisema tarehe peke yake: usiku wa tarehe 18 Jenerali Wahle aliwatoa Wajerumani mjini, tarehe 19 Wabelgiji wakaingia. Tombeur alipewa baadaye heshima ya ubaroni pamoja na jina la Tabora. Dada alisikiliza, kisha akauliza: na babu mkubwa siku ile alikuwa wapi? Hatukujua. Pengine nyuma, na wengine waliosubiri kuambiwa wasogeze masanduku. Pengine alikuwa akibeba majeruhi, maana hiyo pia ilikuwa kazi yao.

Tuliwaombea waliofia pale. Na tulipoanza kusema waliofia upande wetu, tulijikwaa, kwa sababu askari wengi wa upande wa pili walikuwa Waafrika vilevile, na wapagazi wa upande wa pili walikuwa wana wa nchi ile ile tuliyoikanyaga, Wanyamwezi, ambao Ulaya haikuwa imewauliza neno lolote. Tukawaombea wote bila kugawa.

Shangazi anakaa mtaa wa Ng'ambo. Tulifika jua linazama. Alikuwa ameketi juu ya mkeka barazani, mdogo wa mwili, kanga kichwani, na alipoinua uso dada yetu alishika mkono wa mdogo wetu kwa nguvu, kwa kuwa uso ule ulikuwa wa baba. Shikamoo zetu zote tulizozifanyia mazoezi zilipotea. Tulipiga magoti tu, naye akatushika vichwa mmoja mmoja, akisema marahaba, marahaba, kabla hatujaamkia.

Nyumba ile ni ya Kiislamu. Babu mkubwa alisilimu huko Tabora alipooa mara ya pili, akafanya kazi kwenye reli, akazaa watoto wanne. Tulilijua hilo, lakini kulijua kwa simu si sawa na kusikia adhana ukiwa kwenye mkeka wa shangazi yako. Wajukuu zake walituwekea maji ya kunawa, wakaleta wali na kuku, na asali ya huko ambayo haina mfano. Kabla ya kula wao walisema bismillahi, sisi tulifanya ishara ya msalaba, na mtoto mmoja mdogo alijaribu kuiiga mpaka mama yake akamshika mkono, bila ukali.

Tulikuwa tumepatana kwamba tutasema usiku ule ule, wala tusile chakula chake siku tatu tukiwa na siri. Mkubwa wetu, ndiye aandikaye haya, ndiye aliyesema. Alisema vibaya. Yeye ambaye hufundisha wengine namna ya kupanga somo alianzia katikati, akarudi nyuma, akasahau nguo, akaikumbuka. Lakini yote yalitoka: kwamba jina lililoandikwa halikuwa la baba yake, kwamba mchuuzi alifika, kwamba babu yetu alipokea akanyamaza, na kwamba sisi watatu tulioketi mbele yake tumetokana na mama yule aliyetumiwa nguo.

Shangazi alikaa kimya kwa muda mrefu. Kisha akasema, kwa hiyo ilifika.

Akatueleza. Baba yake alingoja jibu misimu miwili. Halikuja. Mchuuzi yule alipopita tena Tabora alimwambia kwamba mzigo umefika na ndugu zake wazima, lakini hakumwambia habari za mke, ama kwa huruma ama kwa kuogopa. Babu mkubwa hakumsadiki. Alisema kama nguo ingefika, mdogo wangu asingekosa kujibu, ninamfahamu. Basi mchuuzi ameiuza. Mtu yule aliapa kwa Msahafu mbele ya watu, na bado hakusadikiwa. Tangu siku ile babu mkubwa hakumsalimu tena, na watoto wake waliambiwa kwamba mtu fulani wa Ujiji ni mwizi.

Akasema, mimi mwenyewe nimewaambia wanangu hivyo.

Hatukuwa tumelifikiria hilo hata kidogo. Miaka miwili tulikuwa tumebeba deni la babu yetu kwa kaka yake, tukijiandaa kuomba msamaha kwa ajili ya hilo, kumbe kimya kile kilikuwa kimemwangukia mtu wa tatu, asiyehusika, ambaye kosa lake lilikuwa kufanya alichotumwa. Shangazi aliinuka kwa shida, akasema amechoka, akaenda kulala. Hakutuambia kwamba ametusamehe, wala kwamba amekasirika. Sisi hatukulala sana.

Asubuhi alitupeleka kaburini. Ni rundo la udongo na mawe mawili chini ya mwembe, kama makaburi mengine ya hapo. Mkwe wake alisoma Fatiha, nasi tulisimama tumeinamisha vichwa. Alipomaliza, shangazi alitugeukia akasema, nanyi semeni yenu, alikuwa baba yenu pia. Tukasema Baba Yetu, kwa sauti ndogo. Mdogo wetu aliweka pale konzi ya udongo aliyokuwa ameichota kijijini nyuma ya Baraka, bila kutuambia sisi wengine, akiwa ameifunga katika kitambaa chenye alama za mafuta ya gari.

Tulipokuwa tukirudi shangazi aliuliza: ilikuwa nguo gani? Hatukujua. Baba hakusema, nasi hatukuwa na akili ya kuuliza. Akasisitiza kama mtoto. Basi dada akampigia simu shangazi yetu wa Uvira, mdogo wa baba, ambaye ndiye pekee aliyesalia katika watoto wa nyanya. Tuliweka sauti ya nje katikati ya njia. Shangazi wa Uvira alikuwa akiuza sokoni, kelele nyingi, ilibidi kumrudilia mara tatu. Halafu akasema: ile nguo ya Ujiji? Ilikuwa kaniki. Mama aliivaa kwenda shambani mpaka ikapasuka, akaikata, akaifanya mbeleko. Hiyo ndiyo iliyombeba baba yenu, na mimi pia. Kama nyanya aliambiwa imetoka kwa nani, hakujua.

Shangazi wa Tabora alisimama. Kaniki! akasema. Kisha akacheka, mara ya kwanza tangu jana, akijishika kiuno. Miaka yote hiyo baba alilia nguo, sisi tukadhani ni hariri, kumbe alituma kaniki! Alikuwa bahili yule, Mungu amrehemu, alikuwa bahili tangu huko kwenu!

Na wale shangazi wawili, ambao hawakuwa wameonana, wakaanza kuzungumza katika simu ile juu ya ubahili wa wanaume wa ukoo wetu, hata salio likaisha.

Siku tuliyoondoka alitupa kazi. Jina la mchuuzi alilikumbuka vizuri, kwa kuwa alilisikia likilaumiwa utoto wake wote. Alisema tusipite Ujiji bila kutafuta watu wake. Tuliwatafuta siku nzima, kutoka msikitini hadi mwaloni, mpaka tukaonyeshwa kijana mmoja mwenye kibanda cha kutengeneza simu, mjukuu wa mtoto wake. Tulisimama nje ya kibanda, wageni watatu wenye vumbi, tukamweleza kwamba babu wa baba yake alipewa nguo Tabora, karibu miaka mia iliyopita, na kwamba aliifikisha. Kijana aliweka bisibisi chini. Alisema hajapata kusikia habari hiyo. Akatutazama tena, akatazama namba ya gari letu, akavuta kiti.

Subirini kwanza, akasema, nimwite mama. Mrudie tena mbele yake.